Je, Wajua? Majirani wa Kichakani, Tongoni

Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Pangani, mwendo wa kilomita zipatazo 20 kusini, unafika Tongoni. Wageni hushuka hapo kwa ajili ya magofu: msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, yakiwemo makaburi ya nguzo mengi kuliko mahali pengine popote katika pwani ya Afrika Mashariki. Maji ya hapa Vasco da Gama aliyajua kwa shida. Januari 1499, akirudi kutoka India na mabaharia wake wamepukutika kwa maradhi, aliichoma merikebu yake ya São Rafael karibu na mwambao huu, maana watu waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu.

Hayo husimuliwa sana. Safari hii tuwatazame wakazi wasiomo katika daftari la kijiji: wanaokaa kwenye vichaka baina ya minazi na mikorosho, kwenye mikoko, juu ya mibuyu, na mara nyingine darini kwako. Mwenye mji pembezoni mwa kichaka huishi nao apende asipende. Akizijua tabia zao, hasara yake hupungua, na hofu yake hukaa panapostahili.

Je, wajua anayelia usiku juu ya mnazi si mtoto wala si jini?

Ni komba. Sauti yake inafanana mno na kilio cha mtoto mchanga, na watu wengi wamewahi kufunga madirisha kwa sababu yake. Anayelia hivyo ni komba mkubwa mwenye masikio mafupi na mkia mnene, uzito wake kwa kawaida haufiki kilo moja. Kilio chake ni tangazo kwa komba wenzake: eneo hili lina mwenyewe. Macho yake yana tabaka la nyuma linalorudisha mwanga, ndiyo maana ukimmulika kwa tochi yanawaka mekundu. Kabla ya kuanza mizunguko yake hujikojolea viganjani na kujipaka nyayoni. Wataalamu wanaeleza kwamba hapo huacha harufu yake kila tawi analolishika, na huenda pia inamsaidia asiteleze.

Wagema wanamjua kwa jambo jingine. Komba anapenda tembo la mnazi. Usiku hupanda hadi kwenye kibuyu kilichotegwa kileleni, akanywa kilichodondoka, na wazee husimulia kwamba zamani aliyetaka kumkamata alimwekea tembo tu na kumsubiri alewe. Hasara ya mgema ni ya kweli, lakini komba huyohuyo analipa kwa njia ya kimya: anakula wadudu kwa wingi, na anazuru maua ya mbuyu.

Ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, likining'inia kwa kikonyo kirefu, na kufika kesho yake limekwisha kunyauka. Lina usiku mmoja tu wa kupata chavua ya mti mwingine. Nyuki wa mchana hawalisaidii sana. Kazi hiyo hufanywa na popo wala matunda, na katika miaka ya 1960 watafiti walioiangalia mibuyu ya Kenya waliwaona na komba wakitumbukiza nyuso zao katika maua hayo kufuata asali yake, wakatoka na chavua usoni. Kwa hiyo ubuyu unaouzwa sokoni Tanga, mwekundu kwa rangi na mtamu kwa sukari, ulianza na mnyama wa usiku ambaye huenda uliwahi kumrushia jiwe.

Je, wajua baadhi ya jamaa wa ndovu wanaishi kichakani kwako?

Katika misitu ya pwani ya kaskazini na vilima vya chini vya Usambara yupo njule, mnyama wa madoido kweli: pua ndefu inayocheza huku na huko, kiuno chekundu cha kahawia kinachomalizikia katika weusi, miguu myembamba ya mbio. Wengi humhesabu kuwa ni panya. Si panya hata kidogo. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba njule, pimbi, pelele, muhanga, nguva na ndovu wametokana na ukoo mmoja uliozaliwa katika bara hili la Afrika wakati lilipokuwa limetengwa na mabara mengine. Panya wako mbali na ukoo huo. Panya ana udugu wa karibu zaidi na sisi binadamu kuliko alionao na njule.

Njule huishi wawiliwawili, dume na jike, kila jozi na eneo lake, na hulala katika kiota cha majani makavu kilichotandazwa chini hata usikitambue. Ukifyeka na kuchoma kichaka chote mpaka ukutani, unamkosesha majani hayo. Ukibakiza kipande, atabaki humo akila wadudu, wala hatagusa muhogo wako. Nguva naye, jamaa yake wa baharini, siku hizi ni nadra mno katika maji yetu. Nyavu na uharibifu wa majani ya bahari vimemmaliza.

Je, wajua nguruwe pori humfuata kima?

Mchana kima na tumbili wanapokula matunda juu ya miti, mengi huyaangusha yakiwa yameumwa mara mbili tu. Nguruwe pori wanajua. Wameonekana mara nyingi wakizifuata nyendo za kima chini ya miti na kuokota makombo. Karibu na watu, lakini, nguruwe pori huwa mnyama wa usiku, na hapo ndipo ugomvi wake na mkulima unapoanza. Kundi dogo likiingia katika konde la muhogo kwa saa chache linaweza kufukua chakula cha miezi. Hatafuni majani, anachimba kwa pua, anang'oa shina, anaumega muhogo mmoja na kuiacha mitano imelala juani.

Vijiji vingi vya pwani ni vya Waislamu, na nyama ya nguruwe haina mlaji. Paa na kanga huwindwa hadi wakapungua, nguruwe hana anayemtaka kwa kitoweo, na chui, aliyekuwa akiwapunguza, amekuwa nadra karibu na makazi. Kuna na historia ya ardhi. Mkonge uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf: miche 1,000 kutoka Florida ilisafirishwa kwa njia ya Hamburg, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na hiyo 62 yalikuja mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa mkonge. Bei ilipoanguka kuanzia miaka ya 1960, maeneo makubwa ya mkoa wa Tanga yaliachwa bila kupaliliwa. Shamba la mkonge lisilopaliliwa huwa kichaka cha miiba ambacho mbwa hataki kuingia, na nguruwe hapati maficho mazuri kuliko hayo.

Dawa ya zamani ni dungu. Mkulima hujenga jukwaa la miti kondeni, analiezeka kwa makuti, na msimu mzima mtu analala huko na debe la kupiga na kumbi za kuchoma. Wanawake na watoto huamia ndege mchana kwa teo na kelele, wanaume hushika usiku. Kazi hii haihesabiwi katika takwimu za kilimo, wala hailipwi, na mtoto anayeamia ndege asubuhi hafiki shuleni kwa wakati. Mtu anayesema mkulima wa pwani ni mvivu akalale dunguni msimu mmoja wa mahindi.

Je, wajua nyani jike hurithi cheo cha mama yake?

Nyani wa Tanga ni wa aina ya nyani wa manjano, ileile inayochunguzwa Amboseli, Kenya, tangu mwaka 1971, kizazi baada ya kizazi, kila mnyama akijulikana kwa jina. Ni mojawapo ya tafiti ndefu kuliko zote za mnyama yeyote wa porini. Humo imejulikana kwamba binti hupata nafasi yake katika kundi kufuatana na mama yake, na dume akibalehe huondoka kwenda kutafuta kundi jingine. Jambo lililowashangaza wengi lilichapishwa mwaka 2003: majike wenye urafiki mwingi, wanaokaa na kuchambuana manyoya na wenzao, watoto wao huishi kwa wingi zaidi kuliko wa majike wapweke.

Kwa mkulima maana yake ni moja. Mali ya nyani ni kundi lake, na kundi hukumbuka. Likijifunza kwamba mahindi ya konde fulani hayana mlinzi saa ya adhuhuri, litarudi saa hiyohiyo. Wakulima wengi husema nyani humpima mlinzi, na kwamba kwa mwanamke au mtoto hakimbii upesi kama anavyomkimbia mwanamume. Sanamu la nguo kuukuu husaidia siku mbili tatu tu. Kinachosaidia ni kubadilisha: leo mtu upande huu, kesho upande ule, na mazao wanayoyapenda zaidi yapandwe karibu na nyumba badala ya ukingo wa kichaka.

Je, wajua panya buku amewahi kupewa nishani ya dhahabu?

Panya buku ni yule mkubwa mwenye mkia uliogawanyika rangi, nusu ya kijivu na ncha nyeupe, anayebeba mahindi mashavuni mpaka uso unavimba. Shambani ni mwizi wa hali ya juu. Anachukua karanga, muhogo, nazi changa, na asichokula anakihifadhi katika vyumba vya shimo lake.

Pua yake ndiyo iliyompa jina. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, liliweka kambi yake Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hapo panya buku hufundishwa kunusa baruti ya mabomu ya kutegwa ardhini, na wengine kunusa vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Panya buku ana uzito wa kilo moja na ushei, hivyo akilikanyaga bomu halilipuki. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Kambodia na kugundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa, panya wa kwanza kuipata. Alikufa mwaka 2022. Mwenzake Ronin, naye wa Morogoro, alikuwa amefikisha mabomu ya ardhini 109 mwaka 2025, na jina lake likaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness.

Hilo halimfanyi yule wa darini kwako kuwa shujaa. Linaonyesha tu kwamba unapoficha karanga katika gunia mbili na kufunga kamba, unapambana na pua inayonusa bomu lililozikwa.

Je, wajua nyoka anayeogopwa kuliko wote juu ya mnazi hutaka kukukwepa?

Hapa tukae kidogo, maana nyoka huua watu vijijini kwetu, na huuawa wengi pasipo sababu.

Koboko wa kijani ni nyoka wa pwani hasa. Yumo katika miembe, mikorosho na minazi, kijani kibichi kutoka kichwa hadi mkia, urefu wake kama mita mbili. Sumu yake ni kali na anaweza kuua mtu. Hata hivyo huishi juu, hula ndege na panya, hutulia mahali pamoja kwa muda mrefu akisubiri mawindo, na akihisi mtu hupanda juu zaidi au kutokomea majanini. Wakweaji wa minazi hupita karibu naye mara nyingi kuliko wanavyojua. Koboko mweusi ni habari nyingine: huyo hushuka chini, ana kasi, na akizibiwa njia hugonga zaidi ya mara moja. Katika sumu ya huyu mweusi wanasayansi wa Ufaransa walikuta mwaka 2012 protini zinazotuliza maumivu ya panya wa maabara kwa nguvu inayokaribia mofini.

Swila hatemi ovyo. Anaulenga uso, na wakati wa kutema huchezesha kichwa upesi ili sumu itawanyike na angalau tone moja lipate jicho, kutoka umbali wa mita mbili na zaidi. Ikikupata, dawa ya kwanza ni maji safi, mengi, ya kumiminika, kwa dakika 15 au 20, kisha kituo cha afya. Usisugue jicho, wala usitie kitu kingine humo. Na aliyegongwa mwilini asichanjwe, asifyonzwe jeraha, asifungwe kamba ya kukata damu. Alazwe, kiungo kilichogongwa kitulizwe kisichezechezwe, na apelekwe hospitali upesi, kwa pikipiki au kwa machela. Juni 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa, na neno hilo la mwisho ni la haki: wanaogongwa ni wakulima na watoto wao, mbali na jiji, ambako dawa ya kuzima sumu ni ghali na mara nyingi haipo.

Mengi yanazuilika nyumbani. Nyoka huingia kumfuata panya, na panya hufuata nafaka na makombo. Rundo la kumbi, kuni na mabati lililoegemea ukuta wa nyumba ni makazi ya wote wawili, lisogezwe mbali. Utafiti uliofanywa Nepal ulionyesha kwamba wanaolala ndani ya chandarua hugongwa na nyoka kwa uchache sana kuliko wasio nacho. Chandarua chako cha malaria, kikichomekwa vizuri chini ya godoro, kinafanya kazi mbili.

Msaidizi mwingine ni nguchiro. Yeye na nyegere wana umbile la pekee katika seli zao: mahali ambapo sumu ya jamii ya fira hushika ili kupooza misuli pamegeuka sura, sumu haipashiki vyema. Si kwamba hawafi kabisa, lakini hustahimili dozi ambayo ingemmaliza mnyama mwingine wa kimo chao. Nguchiro wenye milia huishi kwa makundi, na majike wa kundi moja mara nyingi huzaa usiku mmoja, kisha watoto hulelewa na wote. Mayai ya kuku huyapasua kwa kuyarusha nyuma, kati ya miguu, yakagonga jiwe. Mwenye kuku hatawapenda, na haki yake, ila banda likifungwa kabla ya magharibi na mayai yakiokotwa mapema, mtaelewana.

Je, wajua kenge huwaachia mchwa kazi ya kulea?

Kenge wa majini, yule mrefu wa kwenye mikoko na mito, jike lake huchimba kichuguu cha mchwa baada ya mvua kulainisha udongo, likataga humo makumi ya mayai na kuondoka. Mchwa, wasiovumilia tundu katika nyumba yao, huliziba. Mayai hubaki ndani katika joto lisilobadilika na unyevu wa kutosha, yamefichika mbali na kila mwizi, kwa miezi sita na zaidi. Mvua nyingine ikinyesha udongo unalainika tena, na watoto hujichimbua na kutoka.

Mtu anayebomoa kila kichuguu kilicho karibu na nyumba yake hupunguza kenge bila kujua. Hilo laweza kuwa ndilo alilolitaka, maana kenge anakula mayai na vifaranga. Lakini hula pia mayai ya mamba huko mitoni, na mizoga.

Kwa ufupi, mengine ya kushangaza

Nungunungu harushi miiba yake. Miiba hiyo ni nywele ngumu zilizoshikwa kwa ulegevu. Akitishwa hugeuka, hukimbia kinyumenyume, na inabaki mwilini mwa aliyemsogelea. Ndiye mgugunaji mkubwa kuliko wote wa Afrika. Huguguna mifupa aliyoiokota ili kupata madini, na ukikuta mifupa yenye alama za meno mbele ya shimo, humo si lazima mwe na fisi.

Kinyonga habadilishi rangi ili afanane na jani alilokalia. Hubadilisha kwa hasira, kwa uchumba, kwa baridi. Na rekodi ya ulimi iko mlimani kwetu: mwaka 2016 ilichapishwa kwamba kinyonga mdogo mwenye kipembe chenye vijiba puani, ambaye makao yake ni milima ya Usambara, hurusha ulimi kwa mchapuko unaozidi nguvu ya uvutano wa dunia mara 264. Watu hupita wakimtemea mate kwa kumwogopa. Hana sumu, hana jambo.

Jike la hondohondo hujifungia katika tundu la mti wakati wa kutaga, mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi, likabaki ufa mwembamba. Dume humlisha kupitia ufa huo siku zote hizo. Mti mkubwa wenye tundu ukikatwa kwa mkaa wakati huo, wanakufa jike na vifaranga, na dume hubaki akizunguka na matunda mdomoni.

Je, wajua siafu hukufagilia nyumba?

Siafu hawaoni. Wanasafiri kwa harufu na kugusana, kwa mamilioni, na wana malkia ambaye hakuna malkia wa chungu mwingine duniani anayemzidi kwa ukubwa. Wakiingia nyumbani usiku, waungwana wa pwani hawapigani nao. Wanaamsha watoto, wanafungua mbuzi kamba na kuku banda, maana mnyama aliyefungwa ataliwa hai, kisha wanatoka nje na kusubiri. Majivu ya moto yakimwagwa mlangoni huwageuza njia. Wakiondoka, nyumba haina mende, haina kunguni, haina nge, haina vitoto vya panya darini. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa asiyeweza kusimama asilale mbali na mtoto au mgonjwa huyo msimu wa mvua, siafu hawabagui.

Je, wajua bundi husikia panya gizani totoro?

Masikio ya bundi mweupe hayako usawa mmoja: moja limekaa juu kidogo kuliko jingine, na uso wake wa duara hukusanya sauti. Sauti ya panya ikifika sikio moja kabla ya jingine, bundi anajua kulia au kushoto; ikisikika kwa nguvu zaidi katika sikio moja, anajua juu au chini. Majaribio ya Marekani katikati ya karne iliyopita yalimweka katika chumba kisicho na chembe ya mwanga, na alimkamata panya aliyekanyaga majani makavu.

Pwani nzima bundi hudhaniwa mleta mauti. Akilia juu ya paa, watu huhesabu nani anaumwa. Ninaiheshimu hofu ya wakubwa wangu, lakini bundi huja juu ya paa la makuti kwa sababu ndani ya makuti mna panya, na mwenye ghala la mahindi akimuua amejitia hasara mwenyewe. Jozi moja yenye makinda hukamata panya kadhaa kila usiku unaokwenda kwa Mungu, bila sumu, bila mtego, bila kudai kitu.

Ng'ambo ya mkondo, Pemba, waliwahi kumfanyia mnyama mwingine wa usiku jambo la kuigwa. Kisiwa hicho kina popo mkubwa asiyepatikana penginepo duniani, mbawa zake zikinyoshwa zinafika mita moja na nusu na ushei. Miti ilikatwa na yeye akaliwa, hata mwaka 1989 waliomtafuta waliona wachache mno. Wanavijiji wakaanzisha vilabu vya kulinda miti anayolalia, mahali pamoja paitwapo Kidike pakajulikana kwa wageni, na baada ya miaka kama ishirini waliohesabiwa walizidi 20,000. Ni watu wa kawaida walioamua.

Je, wajua ukimuua mnyama kujiokoa, nyama si yako?

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamruhusu mtu kujitetea au kutetea maisha ya mwingine, lakini atoe taarifa, na mnyama aliyeuawa pamoja na ngozi na meno yake ni mali ya serikali. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa ndugu wa aliyeuawa. Si fidia. Serikali yenyewe haiyaiti hivyo, na kiasi chake hakilingani na hasara. Hata hicho hakipatikani bila uharibifu kuonekana na kupimwa mapema, kwa hiyo mwite mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya kabla ya kulima upya au kusafisha mahali. Upande wa kusini mwa Pangani, watu wa vijiji vinavyopakana na Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 ambamo ndovu hushuka hadi ufukweni, wanayajua haya kwa uchungu zaidi kuliko Tongoni.

Je, wajua kunguru wa mjini aliletwa kama mfagiaji?

Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu asili yake ni India. Katika miaka ya 1890 aliletwa Unguja ale taka za mji. Alizila, akazaana, akavuka bahari, na leo ameenea mwambao wote, Tanga mjini akiwa kwa maelfu na vijijini akifuata barabara. Hula vifaranga vya kuku, hubomoa viota vya mnana, huwafukuza ndege wa asili. Mnamo 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Tanzania nayo imewahi kuwatega na kuwawekea sumu, wakapungua na kurudi. Hatui mahali pasipo na jalala la wazi: utumbo wa samaki na makombo yakifukiwa, na vifaranga wakifunikwa kwa tenga wiki za mwanzo, huhamia kwa jirani asiyefukia.